Nyani Haoni Kundule: Majivuno, Husuda na Kujichukia kwa Mtazamo wa Jung

Utangulizi

Anayefundisha Kiswahili mjini Kigali hana budi siku moja ateremke hadi Gikondo. Mtaa huu wa wilaya ya Kicukiro una milima na bonde. Chini bondeni kulikuwa na eneo la viwanda, na huko Gikondo ndiko yalikokuwa maghala ya forodha ya MAGERWA, ambako malori ya kutoka Dar es Salaam na Mombasa yalishusha mizigo. Viwanda vingi vimehamishiwa Masoro, lakini kwa miaka mingi bonde hilo lilikuwa mahali ambapo Kiswahili kilifanya kazi kabla hakijapewa nafasi kubwa shuleni. Uwanja wa maonyesho ya biashara ya kimataifa nao uko hapo hapo, na wafanyabiashara wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo wameusikilizisha Kiswahili cha kila aina. Juu mlimani, upande wa Mburabuturo, ipo kampasi ya Chuo cha Biashara na Uchumi cha Chuo Kikuu cha Rwanda.

Tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa huku atautambua. Mwanafunzi aliyekulia karibu na maghala anapatana bei na dereva wa Kitanzania bila taabu, lakini akiingia darasani anakuwa bubu. Mwenzake aliyesoma Tanzania anamkatiza kila mtu ili asahihishe ngeli. Wa tatu hasemi neno mbele ya watu, ila kipindi kikiisha anaeneza kwamba yule wa pili anapendelewa. Mwalimu naye, ambaye moyoni hana uhakika na Kiswahili chake, anacheka pamoja na wanaocheka.

Makala haya yanalenga kueleza hali tatu zinazoonekana katika darasa hilo, yaani majivuno, husuda na kujichukia, kwa kutumia mawazo ya mwanasaikolojia Carl Gustav Jung. Hoja yetu ni kwamba hali hizi si tabia tatu mbalimbali. Ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni mtu kukataa kuutazama upande wake mwenyewe. Aidha, tutaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo zake za kulieleza jambo hili, na kwamba mwalimu wa lugha ana sababu ya pekee ya kulijua.

Jung na Kiswahili

Jung alizaliwa Kesswil, Uswisi, tarehe 26 Julai 1875, akafariki mwaka 1961. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na kwa miaka kadhaa alishirikiana na Sigmund Freud wa Vienna kabla ya wawili hao kuachana mwaka 1913. Nadharia aliyoiasisi huitwa saikolojia changanuzi.

Wasomaji wetu huenda wakafurahi kusikia kwamba Jung aliwahi kuwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka melini Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda hadi Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alirudi Ulaya kwa njia ya mto Nile. Huko Elgon alizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubabaisha, na vikao vyao aliviita kwa neno letu wenyewe: shauri. Alikuwa na umri wa miaka 50, na wenyeji wakamwita mzee. Alisimulia safari hiyo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1962. Tutairudia baadaye, kwa kuwa ina funzo ambalo mwenyewe hakulikusudia.

Kinyago, kivuli na Nafsi

Ili tuelewane, tueleze kwanza dhana tatu.

Ya kwanza ni kinyago. Jung alichukua neno la Kilatini lililotaja kinyago cha mwigizaji, akalitumia kwa ile sura tunayoivaa mbele za watu: sura ya mwalimu, ya padri, ya mama mkwe, ya mwanafunzi bora. Kinyago si uongo. Mtu hawezi kuishi na watu bila kuwa na sura ya kuwaonyesha. Hatari huanza pale mtu anapoamini kwamba yeye na kinyago chake ni kitu kimoja.

Ya pili ni kivuli. Kila tunachokikataa katika nafsi zetu ili kinyago kipendeze hakipotei, bali huenda kukaa nyuma yetu, mahali ambapo hatukioni. Ni uchoyo wetu, woga wetu, ukali wetu, hata vipaji ambavyo tuliambiwa utotoni kwamba havifai. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: nyani haoni kundule. Tukumbuke kwamba mwisho wa methali hiyo, nyani huliona la mwenzake. Huo ndio mwendo ambao Jung aliueleza kwa kirefu: kile nisichotaka kukiona kwangu, ninambandika mwingine, kisha ninamchukia kwa sababu hiyo. Katika makala haya tutauita mwendo huo kubandika.

Inafaa walimu watambue kwamba neno kivuli katika Kiswahili lina pande mbili. Ni taswira nyeusi inayomfuata mtu, na pia ni mahali pa kupumzika penye mti. Mchumia juani hulia kivulini. Jung naye alisisitiza kwamba kivuli si taka tupu. Humo mna nguvu ambazo mtu anazihitaji ili awe mzima.

Ya tatu ni Nafsi, ambayo hapa tunaiandika kwa herufi kubwa. Kwa Jung, Nafsi ni mtu mzima wote, anachokijua na asichokijua juu yake mwenyewe. Ile "mimi" ninayoitamka kila siku ni sehemu tu ya Nafsi, kama chumba kimoja katika nyumba kubwa. Safari ya maisha ni kuufahamu ukubwa wa nyumba hiyo pole pole.

Kiambishi kidogo chenye mambo makubwa

Mwalimu wa sarufi anajua kwamba ji ina matumizi kadhaa. Ipo ya ukubwa, kama katika jitu. Ipo ya mtendaji, kama katika msomaji. Na ipo ya kujirejea, ambapo mtenda ndiye mtendwa: kujikata, kujificha, kujiuliza. Kinyarwanda kina mwenzake, yaani -i-, na kwa hiyo wanafunzi wetu hawapati tabu kulinganisha: kwirata ni kujisifu, kwikunda ni kujipenda kwa maana ya ubinafsi, kwisuzugura ni kujidharau, kwiyanga ni kujichukia.

Tukitazama hali zetu tatu kwa kiambishi hiki, tunaona jambo la kushangaza. Majivuno yana -ji-: kujivuna, kujiona, kujisifu. Kujichukia kuna -ji-. Lakini husuda haina. Kitenzi husudu kinadai mtendwa wa nje: kumhusudu jirani, kumhusudu mwenzangu. Sisikii mtu akisema amejihusudu. Hapo ndipo hila ya husuda ilipo. Sarufi inatuelekeza kwa mtu mwingine, ilhali jambo lenyewe linatuhusu sisi. Kazi aliyotuachia Jung inaweza kuelezwa hivi: kuirudisha -ji- mahali ilipodondoka.

Majivuno

Mazungumzo ya kisasa hulitaja jambo hili kwa jina la Narcissus, kijana wa hadithi ya Wayunani ambayo mshairi wa Kirumi, Ovid, aliisimulia. Narcissus aliona uso mzuri ndani ya maji ya chemchemi, akaupenda hadi akafa. Freud alilifanya jina hilo kuwa istilahi maarufu kwa makala yake ya mwaka 1914.

Watu wengi hudhani Narcissus alijipenda mno. Tuisome hadithi vizuri. Mwanzoni Narcissus hakujua kwamba anayemwona ni yeye! Alipenda picha. Mtu wa majivuno naye haipendi nafsi yake, kwani haijui. Anapenda kinyago chake, na anahitaji watu wakisifu kila siku ili asigundue kilicho nyuma yake. Jung aliliita jambo hili kwa neno lenye maana ya kuvimba, nasi tunalo neno hilo hilo, kwani tunasema fulani amevimba kichwa. "Mimi" ndogo inajidhania kuwa Nafsi yote. Chumba kimoja kinajiita nyumba. Kwa lugha ya darasani, -ji- ya kujirejea imegeuka ji ya ukubwa, na mtu amekuwa jitu.

Nathan Schwartz-Salant, mfuasi wa Jung, alitoa kitabu kizima juu ya mada hii mwaka 1982. Kwa watu wa namna hii, chini ya fahari pana utupu na woga. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii huchukuliwa kuwa kejeli, lakini ina huruma pia ndani yake, maana inatuambia kwamba kelele inatokana na upungufu. Anayemkatiza mwenzake ili kusahihisha ngeli huenda anaogopa kwamba bila ngeli hana kingine cha kumfanya apendwe.

Katika hadithi hiyo yumo pia Echo, binti ambaye hakuweza kusema lolote isipokuwa kurudia maneno ya mwisho ya wengine. Mwalimu wa lugha asimpite bila kumtazama. Mwalimu anayependa kusikia sauti yake mwenyewe huwageuza wanafunzi wake kuwa Echo. Wanarudia vizuri, naye anafurahi, lakini hakuna hata mmoja aliyezungumza.

Husuda

Katika mazungumzo ya kawaida maneno wivu, husuda, kijicho na gere huchanganywa. Hata hivyo, ipo tofauti ambayo inafaa kufundishwa. Wivu mara nyingi ni hofu ya kupokonywa kilicho changu, kama mpenzi. Husuda ni uchungu wa kuona mwingine ana jema, hata kama mimi sijapungukiwa na chochote. Kinyarwanda hutumia neno ishyari kwa upana unaozigusa hali zote mbili, na hii ni sababu mojawapo ya wanafunzi wetu kuyachanganya. Neno kijicho linapendeza zaidi kwa uchambuzi: ni jicho lililofanywa dogo. Hata neno la Kilatini la husuda limetokana na kitenzi cha kutazama. Ugonjwa huu uko machoni.

Kanga nyingi zimeandikwa hasidi hana sababu. Kwa maadili, maneno hayo ni sahihi: aliyehusudiwa hakumkosea hasidi. Lakini kisaikolojia, sababu ipo, ila hasidi haijui. Kwa mtazamo wa Jung, tunachokihusudu kwa mwingine mara nyingi ni kitu chetu kilichozikwa. Mwanafunzi wa tatu katika mfano wetu anamchukia yule wa Tanzania kwa ufasaha wake kwa sababu naye ana hamu ya kusema, na hamu hiyo ameifungia. Angalikuwa hana hamu, asingeumia. Ann na Barry Ulanov, walioandika mwaka 1983 juu ya hadithi ya Cinderella na dada zake, wametukumbusha jambo jingine, kwamba anayehusudiwa naye huumia, kwani huanza kuuficha wema wake ili asiwaudhi watu.

Hapa fasihi yetu wenyewe inatupa mfano mzuri. Mwaka 1952 ilichapishwa hadithi ya Shaaban Robert iitwayo Adili na Nduguze. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu, jimbo linalotawaliwa na Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mwema anayesifiwa na wote, akiwapiga manyani wawili, kisha akilia. Baadaye tunafahamishwa kwamba manyani hao ni ndugu zake. Majina yao ni Hasidi na Mwivu. Walimtupa Adili baharini kwa sababu ya husuda, na jini aliyemwokoa akawageuza wanyama na kumwamuru awapige kila usiku.

Kwa kawaida tunaisoma hadithi hii kama funzo la wema na ubaya, na usomaji huo ni halali. Msomaji wa Jung ataongeza swali: je, ikiwa ndugu hawa watatu ni mtu mmoja? Mchana ni Adili, kinyago cha uadilifu. Usiku anashuka kwenye chumba kilichofungwa, anakichapa kivuli chake, kisha analia, kwa kuwa anayempiga ni damu yake. Na tuzingatie jambo hili: viboko vya miaka havikuwarudisha ndugu wale katika ubinadamu. Njia ilifunguka pale Adili alipoitwa mbele ya Mfalme, akaisimulia habari yote tangu mwanzo, na Mfalme akawaombea. Kilichoshindwa na mjeledi kiliwezekana kwa usimulizi.

Kujichukia

Mtu anayejichukia anaonekana kuwa kinyume cha mwenye majivuno, lakini ni yule yule akiwa ameanguka. Mwenye majivuno anakipenda kinyago. Anayejichukia ameambiwa, au amejiambia, kwamba hana kinyago cha kupendeza, na sasa anaamini kwamba yeye ni kivuli kitupu. Wote wawili hawamjui mtu mzima. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuhama kutoka hali moja hadi nyingine ndani ya siku moja: akisifiwa anavimba, akikosolewa anajidharau.

Kujichukia kunaweza kufika hadi kwenye ngozi. Neno mkorogo, lenye maana ya mchanganyiko wa kujichubua, limevuka kutoka Kiswahili likaingia katika Kinyarwanda. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 mamlaka za Rwanda zilifanya msako wa vipodozi vya aina hiyo madukani, kwa kuwa baadhi vina zebaki na haidrokwinoni, kemikali zinazodhuru mwili. Msako unaweza kuiondoa chupa. Hauwezi kuliondoa jicho ambalo mtu anajitazamia.

Mwaka ule ule wa 1952 ilipochapishwa hadithi ya Shaaban Robert, Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alitoa kitabu chake Peau noire, masques blancs. Sura yake ya kwanza inahusu lugha. Fanon alionyesha jinsi mtu aliyetawaliwa anavyojipima kwa ukaribu wake na Kifaransa cha Paris, na jinsi anavyoionea haya lafudhi ya kwao. Hakukubaliana na Jung katika kila jambo. Alisema kwamba yale ambayo Jung aliyaona kuwa urithi wa binadamu wote yalikuwa mafundisho ya jamii fulani. Lakini kuhusu kinyago walikuwa wakitazama kitu kimoja.

Sisi walimu wa Kiswahili tusidhani kwamba Fanon alikuwa anawasema walimu wa Kifaransa peke yao. Nchini Rwanda Kiswahili kilihusishwa kwa muda mrefu na wafanyabiashara, askari na mitaa ya Waislamu kama Biryogo, na jina Mswahili lilibeba pia maana ya mjanja wa mjini. Ujanja ni wa kila mtu, lakini ulibandikwa kwa wasemaji wa lugha moja. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Hadhi imepanda. Sasa hatari imegeuka: badala ya kukidharau Kiswahili, tunaweza kumdharau mtu kwa ajili ya Kiswahili. Mwanafunzi anasema "ninapenda kura wali", darasa linaangua kicheko, naye anaapa moyoni kwamba hatafungua kinywa tena.

Kivuli cha kundi

Hadi hapa tumemzungumzia mtu mmoja mmoja. Jung aliamini kwamba jamii nzima nayo inaweza kukitupa kivuli chake juu ya watu fulani, na baada ya Vita Kuu ya Pili aliandika hivyo kuhusu Ulaya. Katika Gikondo hatuwezi kulitaja wazo hili kama nadharia tu.

Tarehe 9 Aprili 1994, katika siku za mwanzo za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanamgambo na askari waliingia katika kanisa la parokia ya Wapallotini, Gikondo, ambamo watu walikuwa wamekimbilia. Walikagua vitambulisho, ambavyo tangu enzi za Wabelgiji viliandikwa kabila la mtu, wakawaua zaidi ya watu 100, wakiwamo watoto. Mapadre wa Kipoloni walishuhudia.

Tuwe waangalifu. Mauaji ya kimbari yalipangwa na watu wenye madaraka, kwa silaha, orodha na amri. Hayaelezwi kwa neno husuda, wala saikolojia haimpunguzii mtu hatia. Lakini maandalizi yake yalikuwa pia kazi ya lugha, na lugha ni eneo letu. Gazeti la Kangura na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, zilirudia maneno mawili: inyenzi, yaani mende, na inzoka, yaani nyoka. Ujanja, tamaa ya kutawala na nia ya kuangamiza vilibandikwa kwa jirani, na mbandikaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akinoa panga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo hivyo mwaka 2003. Rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Katika hadithi ya Shaaban Robert, mahasidi ndio waliogeuzwa wanyama, na msimulizi akafanya kila jitihada warudi kuwa watu. Katika redio ile, watu waligeuzwa wanyama kwa maneno, na maneno yakawa ruhusa. Mwalimu anayenyamaza mwanafunzi anapompachika mwenzake jina la mnyama anapaswa kuikumbuka tofauti hiyo.

Jung na kundu lake

Tuliahidi kuirudia safari ya Elgon. Jung alipokuwa Afrika aliota kinyozi mweusi aliyewahi kumnyoa Marekani. Katika ndoto hiyo kinyozi alishika chuma cha moto, tayari kuzisokota nywele zake ziwe kama za Mwafrika. Aliamka akiwa na hofu, akaitafsiri ndoto kuwa ni onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Katika maandishi yake aliwaita Waafrika watu wa zamani sana, wa hisia bila fikra. Msomaji wa leo anaona wazi kilichotokea: mwalimu wa kivuli aliubandika upande wake asioujua kwa watu waliomkaribisha na kumwita mzee. Vilevile amelaumiwa kwa kukubali mwaka 1933 kuongoza chama cha kimataifa cha matabibu wa nafsi, wakati tawi lake la Ujerumani lilikuwa mikononi mwa Wanazi.

Hatusemi haya ili kumtupa Jung. Tunayasema kwa sababu yanathibitisha hoja yake kuliko mfano wowote alioutoa. Elimu ya kivuli haimkingi mtu na kivuli chake. Nyani aliyeandika vitabu juu ya kundu bado haoni la kwake.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, tusahihishe kosa, tusimsahihishe mtu. Anayesema kura badala ya kula si mjinga. Kinyarwanda hakizitenganishi r na l kama Kiswahili. Mwalimu akilieleza hilo kwa utulivu, na kutaja kwamba kura ni neno halali lenye maana nyingine, kicheko kinakosa mahali pa kukaa.

Pili, tufundishe msamiati wa moyo kama tunavyofundisha msamiati wa soko. Wivu, husuda, kijicho, majivuno, kujiheshimu, kujidharau: wanafunzi wayalinganishe na ya Kinyarwanda na kutunga sentensi. Hasa waone kwamba kujiheshimu na kujivuna vyote vina -ji-, lakini kimoja kinasimama peke yake na kingine kinaomba watazamaji.

Tatu, lipo zoezi jepesi la kuandika. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya tabia inayomuudhi kwa watu, bila kutaja jina. Kisha aziandike upya akianza na "mimi" au kutumia -ji-, na ajiulize ni ipi yenye ukweli hata kidogo. Karatasi zisikusanywe wala kusomwa mbele ya watu. Mwalimu naye aandike yake.

Nne, tujue mipaka yetu. Mwalimu si tabibu. Tusimwite mwanafunzi hasidi au mgonjwa wa kujipenda kwa sababu tumesoma makala mawili. Na pale tunapoona kujichukia kumekuwa kuzito, mwanafunzi akijitenga, akiacha kula au akizungumzia kifo, tumpeleke kwa wenye utaalamu bila kuchelewa.

Hitimisho

Turudi kwenye darasa letu. Yule fasaha anahitaji kujua kwamba atapendwa hata akikosea. Yule mwenye kijicho anahitaji kuambiwa kwamba hamu yake ya kusema ni njema. Yule wa maghalani anahitaji kusikia kwamba Kiswahili chake kilikuwa kikiwalisha watu Gikondo kabla ya sisi kuja na vitabu vya sarufi. Na mwalimu aliyecheka anahitaji kujiuliza kicheko chake kilitoka wapi. Hakuna kati yao atakayepona kwa mjeledi. Ndugu zake Adili walipigwa usiku baada ya usiku na wakabaki manyani mpaka habari yao iliposimuliwa mchana, mbele ya mtu aliyekuwa tayari kuisikiliza. Darasa la lugha linaweza kuwa mahali pa namna hiyo.